Kuchagua Chombo cha Kahawa cha Afisi Ndogo



Tangu msimu uliopita kumalizika, makatibu wa matawi wamekuwa wakiniletea suali moja, kila mmoja kwa maneno yake: "Afisi yetu yataka kununua mashine ya kahawa. Je, tununue ipi?" Ukilitazama juu juu ni suali dogo, lakini ndani yake mna fedha za wanachama na mna heshima ya mgeni. Kwa hivyo nimeona yafaa nilijibu hapa mara moja, kwa utaratibu wa somo, ili kila tawi lipate kupima lenyewe kabla ya kwenda dukani.

Nitaanza na khasara niliyoileta mimi mwenyewe, maana mwalimu afichaye kosa lake huwapeleka wanafunzi katika shimo lile lile.

Kosa la Katibu

Zamani afisi yetu ilikuwa na dele moja na jiko la makaa uani. Tarishi wetu ndiye aliyekuwa akipika kahawa kila asubuhi, na alipostaafu kazi mimi nikaona wakati wa dele umepita. Niliiomba Kamati ruhusa ya kununua mashine ya kisasa, nikapewa. Dukani nilionyeshwa mashine moja ndogo, nzuri kwa macho. Watia kikopo kidogo chenye kahawa ndani yake, wabonyeza kitufe, na kahawa hutoka kabla hujamaliza kumuuliza mwenzio hali. Muuzaji alinipa vikopo 50 juu ya bei. Nikafurahi, nikalipa, wala sikuuliza hata suali moja.

Vikopo 50 viliisha siku ya tatu. Vingine vilibidi viagizwe Dar es Salaam na kuletwa kwa boti, na kila vilipochelewa mashine ilikaa juu ya meza kama pambo. Tena hata vilipokuwapo, mashine ilitoa kikombe kimoja kimoja, na wageni kumi walingoja zamu kama watu wa kisimani.

Siku moja katikati ya msimu, mzee mmoja, mwanachama wetu wa miaka mingi, alifika kutoka shamba na konzi ya karafuu katika leso. Alitaka tumtazamie kama zimekauka sawasawa kabla ya kuzitia guniani. Zamani angelipewa kiti na finjani ya kahawa, mazungumzo yakaanza, na leso ikafunguliwa juu ya meza. Lakini siku ile mimi na karani tulikuwa tumeiinamia mashine, tukitafuta kwa nini taa yake nyekundu inawaka. Mzee alisimama mlangoni akatoa salamu, nasi tukaitika bila ya kugeuka. Nilipogeuka, hayupo.

Alizitia karafuu zake guniani hivyo hivyo na unyevu wake. Zikapata joto, zikafanya ukungu, na zilipofika kituoni hazikupata daraja alilolitaraji. Magunia manne, kazi ya nyumba nzima. Nilipokwenda kwake kumtaka radhi hakunilaumu. Aliniambia tu, "Mwanangu, niliona mna shughuli."

Basi hapo ndipo nilipofahamu kuwa kahawa ya afisini haikuwekwa kwa ajili ya kumburudisha katibu. Yule mzee hakuja kunywa kahawa, lakini ni kahawa ambayo ingelimkalisha chini mpaka akasema lililomleta. Wazee wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," na afisi ya chama haiponi ikiwa wanachama wake wanaishia mlangoni. Kwa sababu hii, chombo chochote tutakachokichagua hapana budi kipimwe kwanza kwa jambo hili: je, kitamwezesha mwanachama kukaa, na kumwacha mfanyakazi huru kumsikiliza?

Masuali Matano ya Kujiuliza Kabla ya Kununua

La kwanza: ni finjani ngapi kwa siku, na ngapi kwa mara moja?

Finjani yetu ya kahawa huchukua takriban mililita 60. Afisi ya watu watano, kila mmoja finjani mbili, pamoja na wageni kumi, itataka finjani 20 kwa siku, yaani lita moja na mililita 200. Lakini siku za msimu hugeuza hesabu. Wakija watu 40 asubuhi moja, hizo ni lita mbili na nusu karibu, na wote wataka kunywa pamoja. Pima kwa siku ya wingi, usipime kwa siku ya upweke.

Na hapa pana mtego. Mashine ikiandikwa "vikombe 12," usidhani ni vikombe vya chai. Watengenezaji wengi huhesabu kikombe kimoja kuwa mililita 120 mpaka 150, na wale wa mabirika madogo ya Kiitaliano huhesabu mililita 50 tu. Kwa hivyo usiulize vikombe, uliza lita.

La pili: je, umeme wetu ni wa kutegemewa?

Mwaka 2010 kisiwa chetu cha Pemba kiliunganishwa na umeme wa bara kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, na hiyo ni neema kubwa. Lakini ndugu zetu wa Unguja wanakumbuka jinsi waya wao ulivyowaharibikia, wakakaa gizani miezi mitatu, tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Mwenye busara haweki kahawa yote ya chama juu ya waya mmoja. Kila afisi, hata iliyo na mashine nzuri, yapasa kuwa na njia ya pili isiyotaka umeme.

Tena, itazame sahani ndogo ya maandishi iliyo chini au nyuma ya mashine. Umeme wetu ni wa volti 230 na mizunguko 50. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani hutaka volti 120, na ukiichomeka katika soketi yetu huungua siku hiyo hiyo. Zawadi nyingi za jamaa walioko ng'ambo zimekufa kwa njia hii.

La tatu: je, mahitaji yake yapatikana kisiwani?

Hili ndilo suali ambalo lau ningeliuliza, nisingelikuwa na hadithi ya kukusimulieni. Kuna mashine inayokula kahawa yoyote ya kusaga, na kuna mashine inayokula kikopo cha namna moja tu. Ya kwanza ni kama mbuzi: popote penye jani atashiba. Ya pili ni mtoto wa mtu mwingine uliyepewa umlee kwa chakula cha kwao. Uliza pia karatasi za chujio, mpira wa kuzuia maji, na jagi la kioo. Jagi likivunjika na lingine halipatikani, mashine nzima imekuwa taka.

La nne: nani ataiosha, na kwa maji gani?

Kahawa ina mafuta, na mafuta yakikaa huvunda na kuharibu ladha ya kahawa mpya. Chombo chenye pembe na mirija mingi iliyofichika chataka mtu wa kukisafisha kila siku. Ikiwa afisi haina mtu huyo, basi chagua chombo ambacho hata karani mwenye haraka ataweza kukiosha kwa dakika moja.

Ama maji, yale ya visima vilivyochimbwa katika jiwe la matumbawe huwa na chokaa. Chokaa hii hujenga ukoko mweupe ndani ya birika na ndani ya mirija ya mashine, ikapunguza joto na mwisho ikaziba njia. Dawa yake tunayo shambani: maji ya ndimu yaliyochujwa na kuchanganywa na maji safi, au siki, yakapitishwa katika mashine mara moja kwa mwezi, kisha maji matupu mara mbili.

La tano: itatugharimu nini kwa mwaka mzima?

Bei iliyoandikwa dukani ni mlango tu. Nyumba yenyewe ni matumizi ya kila siku. Hili nitalieleza kwa hesabu huko mbele.

Vyombo Vyenyewe

Kahawa ilikuja pwani yetu pamoja na Waarabu, na dele letu ni ndugu wa dalla ya Oman na Yemen. Masufi wa Yemen waliinywa tangu karne ya 15 ili wakeshe katika ibada, na bandari ya Mokha ikapata jina duniani kwa biashara hiyo. Tangu hapo watu wamebuni vyombo vingi. Nitavitaja vile tu ambavyo afisi ndogo yaweza kuvifikiria.

1. Dele. Halitaki umeme, halina spea ya kuharibika, na kila mtu hapa anajua kulitumia. Aibu yake ni jiko. Jiko la makaa halifai kabisa ndani ya chumba kilichofungwa, maana makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua mtu akiwa amekaa kitini. Liwekwe uani, mbali na makaratasi na mbali na ghala ya karafuu. Jiko la gesi uani ni jepesi zaidi, kwa sharti mpira wake ukaguliwe mara kwa mara.

2. Chujio la mkono. Hili ni koni ya plastiki au ya udongo, ndani yake huwekwa karatasi au kitambaa, kahawa hutiwa, na maji ya moto humiminwa juu polepole. Karatasi ya chujio ilibuniwa na mama mmoja wa mji wa Dresden, Ujerumani, jina lake Melitta Bentz, mwaka 1908, na inasemekana alianza kwa karatasi ya kukaushia wino aliyoichukua katika daftari la mwanawe. Ni chombo cha bei ndogo kuliko vyote, na kahawa yake ni safi isiyo na machicha. Kasoro yake ni kwamba hutaka mtu asimame hapo mpaka maji yaishe.

3. Birika la kioo lenye chujio la kusukuma. Watia kahawa iliyosagwa kwa chembe kubwa, watia maji ya moto, wangoja dakika nne, kisha wasukuma chujio chini. Namna hii iliandikishwa na Waitaliani wawili mwaka 1929. Kahawa yake ni nzito na tamu. Lakini kioo chake ni chepesi kuvunjika, na kuosha machicha yake ni kazi. Kwa watu watatu au wanne chafaa. Kwa baraza la msimu hakifai.

4. Birika la Kiitaliano la alumini. Huwekwa juu ya moto, na mvuke husukuma maji kutoka chini yakapita katika kahawa mpaka juu. Huuzwa kwa jina la Bialetti tangu mwaka 1933. Hudumu miaka mingi. Kinachokwisha ni mpira wake tu. Lakini hata la "vikombe sita" hutoa mililita 300 tu, yaani finjani tano za kwetu.

5. Mashine ya umeme ya kudondosha. Hii ni lile chujio la mkono lililopewa umeme. Mashine ya kwanza ya namna hii kwa matumizi ya nyumbani ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1954, ikaitwa Wigomat. Watia maji nyuma na kahawa katika chujio, wawasha, kisha waondoka. Hilo la kuondoka ndilo kubwa, maana mikono ya mfanyakazi hubaki huru. Ile ya lita moja na nusu hutoa finjani 25 kwa mara moja.

6. Mashine ya vikopo. Ni safi na ni ya haraka kwa mtu mmoja. Lakini kila kikopo kina gramu tano mpaka saba tu za kahawa, na bei yake ni ya kikopo, si ya kahawa. Takataka yake ni ya alumini au plastiki, nayo haiozi shambani.

7. Mashine kubwa ya kusaga na kupika yenyewe. Hii ni ya mkahawa. Ina pampu, ina kinu, ina bomba la maziwa, na kila kimoja chataka fundi. Afisi ndogo isiitie mkono.

8. Kahawa ya unga iyeyukayo. Si mashine, lakini yapasa kutajwa, kwani birika moja la maji na kopo moja la kahawa iliyotengenezwa Bukoba hutosha. Kwa kituo kidogo cha shambani chenye mtu mmoja ni jibu la haki, wala si la kuonea haya.

Neno moja juu ya afya. Mwaka 1983 wataalamu wa Tromsø, nchini Norway, walitangaza kuwa wanywaji wa kahawa nyingi walikuwa na kolesteroli zaidi katika damu. Baadaye ilijulikana kuwa sababu ni mafuta fulani ya kahawa, na kwamba chujio la karatasi huyazuia mengi yake. Kwa hivyo mwanachama aliyeonywa na daktari juu ya moyo wake, na mwenye kunywa nyingi kila siku, atapata nafuu katika kahawa iliyochujwa kwa karatasi.

Hesabu ya Mwezi

Tuchukue ile afisi ya finjani 20, siku 22 za kazi kwa mwezi. Bei nitakazozitaja ni za mfano tu. Kila tawi liweke bei za duka lake.

Lita moja ya maji hutaka gramu 60 za kahawa. Lita moja na mililita 200 zataka gramu 72 kwa siku, yaani kilo moja na gramu 584 kwa mwezi. Tuseme kilo ni shilingi 24,000. Jumla ni shilingi 38,000 hivi. Tuseme mashine ya kudondosha ilinunuliwa kwa shilingi 108,000 na itadumu miezi 36. Basi kila mwezi imekula shilingi 3,000. Jumla ni shilingi 41,000, na umeme kidogo juu yake.

Sasa mashine ya vikopo. Finjani 20 kwa siku 22 ni vikopo 440. Tuseme kikopo ni shilingi 1,000; jumla ni shilingi 440,000 kwa mwezi, na bado bei ya mashine yenyewe. Ni zaidi ya mara kumi. Zidisha kwa miezi 12, kisha ujiulize ni pishi ngapi za karafuu zilizochumwa na kijana aliyening'inia tawini ili afisi ibonyeze kitufe.

Ama umeme, kuchemsha lita moja na mililita 200 za maji yetu hutaka sehemu ya kumi tu ya uniti. Lakini mashine nyingi za kudondosha zina sahani ya moto ya kulipasha jagi. Sahani hiyo ikiwa ya wati 70 na ikaachwa saa saba, itakula karibu nusu ya uniti, yaani takriban mara tano ya umeme uliopikia kahawa. Na bado itaiharibu, kwani kahawa ikikaa juu ya moto zaidi ya nusu saa huwa chungu kwa uchungu mbaya, si ule uchungu tunaoupenda. Dawa ni moja: kahawa ikiisha kudondoka, imimine katika chupa ya chai na uzime mashine.

Namna ya Kununua

Usilipe kabla ya kuiona mashine ikichemsha maji mbele yako. Tia maji matupu, ngoja yaishe, tazama kama yavuja chini, na shika waya uone kama wapata moto. Ile plagi iwe ya miguu mitatu ya bapa kama soketi zetu, na isiunganishwe kwa vipande vya adapta. Uliza jagi jingine lauzwa kiasi gani. Dai risiti yenye jina la chama, wala si jina la katibu, na waranti iandikwe tarehe. Ukiweza kupata yenye chujio la wavu wa kuosha, utaepukana na kutafuta karatasi kila mwezi. Lakini fahamu kuwa wavu hauzuii yale mafuta niliyoyataja. Kwa wenye hadhari ya moyo, weka karatasi juu ya wavu.

Namna ya Kutumia

Kahawa yetu ya kutwanga kinuni huwa laini mno kwa chujio la karatasi. Huliziba, na maji hufurika juu ya meza. Kwa mashine ya kudondosha mwambie msagaji aache chembe kama mchanga wa pwani, na kwa birika la kusukuma ziwe kubwa zaidi, kama chumvi ya mawe. Kahawa ya Kilimanjaro na Mbinga ni ya arabika, laini na yenye harufu. Ile ya Bukoba nyingi yake ni robusta, nzito zaidi, na kileo chake cha kuondoa usingizi ni karibu mara mbili. Wengi wetu tumezoea kuzichanganya, na si vibaya.

Maji ya kufaa ni ya nyuzi 92 mpaka 96. Ukitumia birika na chujio la mkono, acha maji yachemke, liondoe birika motoni, hesabu mpaka thelathini, kisha mimina.

Tangawizi, iliki au karafuu yetu wenyewe zisitiwe kabisa katika tangi la maji la mashine. Vipande huziba mirija na harufu haitoki. Ziponde kidogo, uzichanganye na kahawa ndani ya chujio, au uzitie katika chupa ya chai ndani ya kitambaa kilichofungwa.

Mwezi wa Ramadhani unapokaribia, isafishe mashine kwa ndimu, ikaushe, na uiache wazi ipate hewa. Mashine iliyofungwa na unyevu mwezi mzima hufanya ukungu kama zilivyofanya zile karafuu za mzee wetu.

Tulilolichagua Sisi

Baada ya hesabu hizi, Kamati ilikubali tununue mashine ya kudondosha ya lita moja na nusu, chupa mbili za chai, na chujio moja la mkono kwa siku za kukatika umeme. Dele letu tulilisugua kwa majivu na ndimu, likarudi kazini kwa siku za mikutano. Ile mashine ya vikopo iliuzwa kwa nusu ya bei yake, na khasara iliyobaki niliilipa mimi kwa awamu. Sikulazimishwa na mtu. Niliona ni haki.

Sasa chupa ya kwanza huwa tayari saa mbili asubuhi, mlango unapofunguliwa. Iko karibu na mlango pamoja na finjani na viti vitatu, si juu ya meza ya katibu. Mwanachama akifika hujimiminia mwenyewe, hukaa, na karani huweka kalamu chini. Yule mzee huja mara kwa mara. Msimu uliopita alikuja na leso yake, tukazivunja karafuu zake moja moja kwa kidole. Nyingine zilikatika kwa sauti, nyingine zilipinda. Tukamwambia azianike siku mbili zaidi. Alimaliza finjani ya pili kabla ya kuondoka.

Masuali ya Kujipima

Kila katibu wa tawi na ajibu haya kwa maandishi, na jibu lisomwe mbele ya Kamati ya tawi kabla ya fedha kutolewa.

1. Siku yenu ya wageni wengi hutaka lita ngapi za kahawa?
2. Umeme ukikatika siku nzima, mtapika kwa nini?
3. Ni duka lipi la kisiwani liuzalo kila kinachohitajiwa na chombo hicho?
4. Ni nani, kwa jina, atakayekiosha kila jioni?
5. Kwa mwaka mzima, kahawa na chombo vitagharimu shilingi ngapi?
6. Mwanachama akiingia mlangoni, ni nani atakayeinua macho kumtazama?

Lile la sita halina hesabu, lakini tawi lisiloweza kulijibu lisinunue kitu.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama